Sanduku la Bibi lipigwe picha

*Kikundi: Wajukuu wa Pangani*

Zuhura (London): Assalaam alaykum. Shangazi, Mjomba, shikamooni. Jana usiku nimezama kwenye tovuti ya British Museum. Wana kanga zetu humo! Picha, jina (yale maneno ya kwenye kanga) lilivyoandikwa na tafsiri yake kwa Kiingereza. Andikeni "kanga" pale pa kutafutia mjionee.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Nimefungua. Kuna moja ina pindo la korosho kama ile ya mama aliyokuwa akiivaa msibani.

Hamisi: Nguo ya kushindia jikoni imewekwa makumbusho? Wameona nini hasa?

Mjomba Salim (Mombasa): Hamisi, leso, hizo mnazoita kanga, ni habari ya siku yake. Mwalimu Nyerere alipofariki 1999 zilitoka leso zenye picha yake. 2008 ikatoka ya "Hongera Barack Obama", jina lake "Upendo na amani ametujalia Mungu". Miaka hamsini ijayo mtu akitaka kujua watu walisema nini, atasoma hapo.

Hamisi: Sawa Mjomba, hapo nimekuelewa.

Mjomba Salim (Mombasa): Na mkitaka kuijua ya zamani, tazameni ukingoni, si kwenye jina. Kuna maandishi madogo sana. Za Kaderdina wa hapa Biashara Street, duka la tangu 1887, zimeandikwa "Mali ya Abdulla", na mara nyingi kuna nambari ya mtindo. Hiyo nambari ndiyo yenye faida. Wengi wakipinda doti, yaani ile pea ya kanga, wanaimeza ndani ya upindo.

Zuhura (London): Ndiyo maana nimeandika hapa. Bibi ana sanduku zima. Naomba lipigwe picha lote, na zile za zamani zisivaliwe tena.

Shangazi Rehema: Picha sawa. Kutovaliwa, hapana. Mama hakununua kanga ili zilale. Wewe mwenyewe ulibebwa kwa mbeleko ya mojawapo ya hizo.

Zuhura (London): Shangazi, zikichanika hazina badala. Ile kisutu, kanga ya harusi yake, je?

Shangazi Rehema: Kisutu ibaki, nakubali. Nyekundu yake bado imekolea mpaka leo. Nyingine tuvae, kwa adabu.

Mwanaidi (Pangani): Niko na Bibi hapa. Nimemsomea yote. Anasema sanduku tulifungue Ijumaa baada ya swala, na kila kanga atataja alipewa na nani. Anasema ya "Wema hauozi" alipewa na jirani siku aliyozaliwa Mjomba Salim.

Mjomba Salim (Mombasa): Subhanallah. Sikuwahi kulisikia hilo.

Hamisi: Basi hiyo ndiyo ya kuandika kwanza. Makumbusho wana jina na tafsiri, ila hawawezi kujua jirani alimpa nani, na kwa nini akachagua jina hilo.

Zuhura (London): Umesema kweli kabisa, Hamisi. Mwanaidi, fanya hivi: tandika mkeka kivulini, jua kali linaua rangi pichani. Piga nzima kwanza, ionekane pindo na mji, ile sehemu ya katikati. Kisha jina peke yake. Kisha ukingo wenye maandishi madogo. Bibi akisimulia, mrekodi.

Mwanaidi (Pangani): Na ambazo doti haijakatwa?

Shangazi Rehema: Ziache hivyohivyo, zipige picha vipande vyote viwili pamoja. Ukizirudisha, usizikunje pale pale pa zamani, mkunjo ndio unaokata uzi. Na mtoe ule mfuko wa plastiki, unatunza unyevu. Funga kwa shuka la pamba lililofuliwa.

Mjomba Salim (Mombasa): Mkiona imeandikwa Urafiki, hiyo ya kiwanda cha Dar, kile kilichojengwa kwa msaada wa China. Iandikeni pembeni yake. Nyingi za sasa zinatoka India, kwa hiyo hizo za nyumbani zina uzito wake.

Mwanaidi (Pangani): Bibi anauliza kama Zuhura atapenda ile ya korosho, ampe mtu anayesafiri amletee.

Zuhura (London): Nitaipenda mno! Nitaivaa, Shangazi, nakuahidi.

Shangazi Rehema: Ioshe kwanza kwa maji ya chumvi, peke yake. Mwanaidi, Ijumaa nakuja na daftari.