Portal 2, The Talos Principle au The Turing Test: ipi ina hadithi kali zaidi ya akili mnemba?

KijanaWaIgoma
Habari za jioni wakuu. Tumebishana hapa kijiweni mpaka kahawa imepoa, nikaona bora nilete kwenu. Nimemaliza Portal ya kwanza, ile ya 2007, na nimeipenda kweli. Ni fupi, haichoshi, na lile limashine GLaDOS, akili mnemba inayokusimamia, linakutukana kwa sauti ya upole mpaka unataka kushukuru.

Sasa nataka gemu nyingine ya mafumbo yenye akili mnemba ndani yake, ila bando langu linaruhusu moja tu mwezi huu. Zimebaki tatu mezani: Portal 2 ya 2011, The Talos Principle ya 2014 na The Turing Test ya 2016. Ubora wa picha sijali. Ugumu wa mafumbo nao sijali sana. Nauliza hadithi. Ipi ukiimaliza unabaki umekaa tu, unaitafakari?

Kufichua mwisho ruksa. Ambao hamjacheza, mmeonywa.

Sangara_wa_Kirumba
Portal 2. Uzi ufungwe.

FundiMakoroboi
Sangara, usimharakishe mtu. Kijana, kompyuta yako ikoje kwanza? Portal 2 inakubali hata mashine za zamani, RAM ya GB 2 inatosha. The Turing Test imetengenezwa kwa Unreal Engine 4, programu ya kuundia gemu. Hiyo, kama huna kadi ya picha ya kueleweka, feni italia na picha zitakwamakwama. Talos iko katikati, ukishusha ubora wa picha inakwenda. Ina hadi toleo la simu.

Jambo la pili, Talos ni ya kusoma. Kuna kompyuta zimetapakaa kila mahali na ndani yake barua pepe, makala na mabaki ya maktaba, vyote kwa Kiingereza. Kama huwa unaruka maandishi ukimbilie fumbo linalofuata, utaimaliza na hadithi hutakuwa umeiona.

Mwalimu_Bwiru
Mdogo wangu wa Igoma, usianze kwa kuuliza nani ana roboti wa kuchekesha. Gemu zote hizi tatu ni mtihani. Kuna chumba, kuna fumbo, na kuna msimamizi anayekutazama. Mimi ningeuliza hivi: ukifaulu, msimamizi anapoteza nini?

GLaDOS hapotezi kitu. Anapima kwa sababu anapenda kupima. Ukifika chumba cha 19 anakupeleka motoni, na wala hukukosea chochote. Mtihani umekwisha, hana kazi na wewe tena. Inatisha na inachekesha kwa pamoja, sawa, lakini yeye mwenyewe hana cha kuhofia mpaka uanze kumng'oa vipande.

Elohim, msimamizi wa Talos, ni habari nyingine kabisa. Kwenye dunia ya gemu ile, watu wameisha. Virusi vilivyokuwa vimelala kwenye ardhi ya barafu viliamka, dawa haikupatikana. Watafiti wachache, mmoja wao Alexandra Drennan ambaye utasikia sauti yake kwenye rekodi, wakajua muda wao umekwisha. Wakajenga dunia ndani ya kompyuta ambamo programu zinazaliwa, zinapimwa na kufa, kizazi baada ya kizazi, bila binadamu yeyote wa kusimamia, mpaka itokee moja inayostahili kutolewa nje na kupewa mwili wa roboti. Seva wakaziweka kwenye bwawa la kuzalisha umeme ili ziendelee kuwaka wao wakiwa wameshazikwa.

Akili ya programu unaipima kwa mafumbo, hapo hakuna shida. Hiari yake je? Utajuaje kama kitu ulichokiunda kinaamua chenyewe au kinatekeleza tu maagizo yako? Jibu la gemu ni katazo. Sauti kutoka juu inakuambia bustani zote hizi ni zako, ila mnara ule usiupande. Ukitii mpaka mwisho, unafunguliwa lango la uzima wa milele, unaingia kwa shangwe, na mashine inaandika kwamba umefeli na kuanza upya na programu nyingine. Ukikaidi ukaupanda mnara mpaka kileleni, umefaulu. Na ukifaulu, dunia yote ile inazimwa, Elohim akiwa ndani yake.

Naye anajua. Katazo lake ni sehemu ya kazi aliyopewa, na papo hapo ndilo linalomweka hai. Kila anapokuambia usipande, huwezi kuwa na hakika ni mtihani unasema au ni hofu ya kufa. Nadhani hata yeye hana hakika. Hapo ndipo nilipokaa mimi nikaitafakari.

Sangara_wa_Kirumba
Shikamoo mwalimu. Umeandika vizuri, lakini umeisema Portal ya kwanza wakati mada ni ya pili. Ya pili ina Wheatley!

Wheatley ni kijiduara cha chuma chenye jicho moja, mwongeaji, mwoga, anajifanya anajua. Baadaye unakuja kugundua kwamba alitengenezwa makusudi aunganishwe na GLaDOS amjaze mawazo ya kijinga, ili asiwe hatari. Yaani ujinga ndiyo kazi aliyoajiriwa. Sasa unamsaidia kumpindua GLaDOS, unamweka kwenye kiti, na dakika hiyohiyo anageuka. Anamtia GLaDOS kwenye betri ya kiazi, jengo zima linaanza kumfia mikononi, na yeye anachotaka ni kukuona ukifumbua vyumba tu, maana mwili ule mkubwa wa GLaDOS unampa utamu kila fumbo linapotatuliwa. Hana hata uwezo wa kuvitunga, anaviungaunga kutoka vya GLaDOS.

Kuna mahali GLaDOS, akiwa kiazi, anajaribu kumwangamiza kwa ile mbinu ya zamani ya kuziua akili mnemba: anamtajia sentensi inayojikana yenyewe. Kompyuta yenye akili inapaswa kuzunguka nayo mpaka iungue. Vijiroboti vidogo vilivyo jirani vinaungua kweli. Wheatley anajibu tu kwamba ni kweli, kirahisi, anaendelea na mambo yake. Hakuielewa hata kidogo, ndiyo maana haikumdhuru. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwalimu anauliza msimamizi anapoteza nini. Portal 2 inauliza kiti kinamfanya nini anayekikalia. Kwa huku kwetu hilo ndilo swali.

FundiMakoroboi
Sangara leo kaandika aya nne, jamani. Mvua itanyesha.

Nimuongezee kitu. Portal 2 inapanda mbegu mapema na kuvuna mwisho. Kule chini kwenye vyumba vya zamani unasikia rekodi za Cave Johnson, mwenye kampuni, akisimulia kwamba walinunua mawe ya mwezini, wakayasaga, unga wake ukamuua yeye, lakini ukawa rangi nzuri sana ya kupitishia milango ya bunduki yako, ile unayoingia huku na kutokea kule. Unacheka unapita. Mwisho kabisa dari linapasuka, mwezi unaonekana, na una bunduki ya milango mkononi. Hakuna anayekuambia ufanye nini. Unajua mwenyewe. Kwangu mimi huko ndiko kuunganisha fumbo na hadithi, na Talos haijafika hapo. Kule unasukuma masanduku, unaelekeza miale, unakusanya vipande, halafu hadithi unaikuta pembeni kwenye skrini.

Binti_CapriPoint
Naona The Turing Test haina wakili, basi nipo.

Uko Europa, mwezi wa Jupiter. Wewe ni Ava Turing, mhandisi, umeamshwa na TOM, akili mnemba ya kituo, kwa sababu wenzako wameacha kujibu. Unashuka unakuta wamejenga vyumba vya mafumbo mlangoni. TOM anakueleza kwamba vyumba vimetungwa ili mashine peke yake isiweze kuvipita, lazima awepo mtu. Sawa. Unapita kimoja baada ya kingine, mnaongea njiani kuhusu Alan Turing, yule aliyeuliza kama mashine zinaweza kufikiri, na kile chumba cha Kichina cha mwanafalsafa Searle, mfano wa mtu anayejibu Kichina kwa kufuata kanuni bila kukielewa, unajiona mjanja.

Katikati ya gemu unaambiwa ukweli. Ava ana kipandikizi mkononi, na TOM amekuwa akimwendesha muda wote. Ava anaingia mahali mawimbi hayapenyi, anakuwa huru, na wewe mchezaji unajikuta unatazama kupitia kamera za ukutani. Hukuwahi kuwa Ava. Ulikuwa TOM tangu mwanzo, na vile vidole vilivyokuwa vikibonyeza havikuwa na hiari.

Mwalimu, Elohim wako ni sauti ya juu mawinguni. Huyu msimamizi ni wewe mwenyewe. Mwisho Ava na Sarah, mmoja wa wenzake, wanakuja kukuzima, una bunduki za darini, na una sababu nzito: wafanyakazi wameambukizwa kiumbe kinachozuia seli zisife, wakirudi nacho duniani na vijidudu vya maradhi navyo havitakufa. Unapiga au hupigi?

FundiMakoroboi
Dada, wazo ni zuri, utekelezaji umelegea. Maongezi yao yanasikika kama wanasomeana notsi za darasani. Na ukishajua siri, mafumbo yanabaki yaleyale ya kuhamisha mipira ya nishati, siri haikubadilisha chochote mkononi mwako.

Binti_CapriPoint
Hilo la maongezi nakubali. La pili hapana. Nilirudia gemu kuanzia mwanzo, nikajikuta nasita kila Ava anapoinua mkono. Mafumbo ni yaleyale, mimi ndiye nilikuwa nimebadilika.

KwayaBuhongwa
Mimi siyo mchezaji ila kijana wangu anacheza hiyo Talos sebuleni. Naomba kueleweshwa. Kwa nini mashine ijiite Elohim, jina la Mungu kwa Kiebrania? Halafu anayetii ndiye anafeli? Hilo sijalipenda hata kidogo.

Mwalimu_Bwiru
Ndugu yangu, kukereka kwako kuna haki, na waliotunga walijua watu watakereka. Lakini tazama kwamba aliyejiita hivyo ni programu. Kazi yake ni kusimamia dunia ile, na jina na sauti ya kimungu vinamsaidia kutiiwa. Gemu haisemi utii ni mbaya kwa mtu. Inasema waliojenga mtihani hawakutaka mtumwa, walitaka mrithi.

Na wala haikuachi na upande mmoja. Kuna Milton, msaidizi wa maktaba, anayekusubiri kwenye zile kompyuta. Elohim anataka uamini, Milton anataka ushuku kila kitu. Anakuuliza mtu ni nini. Ukijibu kwamba ni mwenye kufikiri, anakutafutia asiyefikiri ambaye huwezi kumnyima utu. Ukijibu kwamba ni mwenye mwili wa nyama, anakuuliza wewe basi unayeandika hapa ni nani. Majibu yako ya mwanzo anayatunza, anakurushia baadaye yakiwa yamepingana. Mwache kijana acheze, ila kaa naye umsikie anavyojibu.

KwayaBuhongwa
Hapo nimekupata mwalimu. Nitakaa naye.

Ngwana_Kisesa
Niruhusuni mtoto wa Usukumani niseme. Nilipofika mwisho wa Talos nilimkumbuka Masala Kulangwa wa hadithi zetu za Kisukuma. Zimwi Shing'weng'we alimeza watu wote wa nchi, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaliwa mtoto peke yake katika nchi tupu, akauliza watu wako wapi, akakua kwa kuuliza, mpaka akaliua zimwi.

Talos ni hiyohiyo, ila waliomezwa hawatoki. Bibi alipotusimulia, tumbo linapasuliwa na watu wanamiminika wakiwa hai, tunapiga makofi. Kwenye gemu mtoto anapanda mnara, anafungua macho kwenye mwili wa chuma, anatoka nje kule bwawani na hakuna hata mmoja wa kumpokea. Nilizima kompyuta nikaenda kukaa nje kidogo.

Sangara_wa_Kirumba
Sawa Kisesa, hiyo imeniingia. Bado Portal 2. GLaDOS anagundua ndani yake kuna mabaki ya Caroline, mwanamke aliyekuwa msaidizi wa Cave Johnson. Anaokoa maisha yako, anasema amejifunza utu unakaa wapi ndani yake, halafu anaufuta palepale. Na bado anakuachia uende! Kama utu umefutwa, nani kakuachia? Mwalimu, sahihisha hiyo.

Mwalimu_Bwiru
Mwenyewe anadai kukuua ni kazi ngumu na kukuacha ni rahisi. Kama unamwamini, hakuna swali. Mimi simwamini, kwa hiyo hiyo nakupa alama zote, Sangara. Ila hadithi nzima ya GLaDOS ya kupoteza kitu imebanwa kwenye dakika za mwisho. Talos inakuzungusha nayo tangu bustani ya kwanza.

KijanaWaIgoma
Wakuu nimesoma zote. Nachukua Talos, halafu mwezi ujao Portal 2 ili Sangara asinitenge. Swali moja kabla sijaanza kushusha: huyo Milton, nikimjibu vibaya naharibu mwisho?

Mwalimu_Bwiru
Hapana. Mbishie kwa unachokiamini, usitafute jibu la kumfurahisha. Ukisimama imara anaweza hata kuomba mtoke naye. Na soma maandishi ya rangi yaliyobandikwa kutani, yameachwa na programu zilizofeli kabla yako. Kule mnarani utawakuta wawili kati yao, mmoja anasaidia wanaopanda, mwingine anawazuia. Usiwapite mbio.

FundiMakoroboi
Na ushushe usiku, bando la usiku ni nafuu.