Ikulu ya Magogoni: ya Mjerumani au ya Mwingereza?

Pweza_Mkavu: Wakuu, salaam. Naandaa maelezo ya ziara ya wanafunzi wa kidato cha pili. Kuna wanaosema Ikulu ya Magogoni aliijenga Mjerumani, kwingine naona 1922, na huyo Mjerumani alikuwa keshafurushwa. Kipi ni kipi? Na neno "ikulu" si la Pwani, limefikaje?

Nanga: Wote wana chembe ya ukweli. Mjerumani alihamisha makao yake kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam 1891, akamjengea gavana kasri pale karibu na mlango wa bandari, upepo unakopiga bila kizuizi. Tarehe 28 Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Kiingereza, Fox na Goliath, zilikuja kuziharibu meli za Kijerumani zilizojibanza ndani. Goliath ni kubwa mno kwa mlango ule, ikabaki nje. Zikaingia mashua, zikamiminiwa risasi kutoka nchi kavu. Mizinga ikajibu. Tarehe 30 ikarudia. Kasri likawa gofu.

Mji ulitekwa Septemba 1916. Jengo la leo ni la 1922, limeinuliwa juu ya mabaki yale kwa mchoro wa J. H. Sinclair, huyo huyo aliyechora jengo la Beit el Amani kule Unguja. Tazama matao: yana sura ya Kiarabu, nawe utaona mkono ni mmoja. Kuandika "jengo la Mjerumani" tu ni kosa.

Mbutu: Neno ni la Kinyamwezi, makazi ya mtemi. Kingine kinachokosewa sana: Nyerere hakukaa Magogoni miaka yake yote ya urais. Alihamia nyumbani kwake Msasani, Ikulu akaenda kazini.

Kitaa_Kivukoni: Kuhusu njia: anzeni kanisa la Azania Front, fuateni Kivukoni kuelekea Feri, maji yawe mkono wa kulia. Pale soko la samaki na pantoni ya Kigamboni ni jirani kabisa na Ikulu. Harufu ya papa haijui itifaki. Msitegemee kuona mengi, miti inaficha. Usipige picha upande wa Ikulu, hata ya mti. Barabara ya Barack Obama kwenye ramani za kabla ya 2013 ni Ocean Road, msije mkadhani ni mbili.

Ongeza Kariakoo kwenye maelezo. Jina limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa vita ile ile iliyobomoa kasri. Watoto wakiunganisha hayo mawili hawatasahau.

Pweza_Mkavu: Shukrani. Chamwino je? Magogoni bado inahesabika?

Nanga: Ikulu ya Chamwino, Dodoma, ilizinduliwa 20 Mei 2023, ingawa uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973. Magogoni bado inatumika, kwa hiyo usiandike "iliyokuwa Ikulu".

Pweza_Mkavu: Nimefuta "iliyokuwa". Simu zitabaki kwenye basi.