Wakuu naombeni ushauri: fosfeti yangu imezidi fosforasi yote, na sapavaiza anataka chapta ya nne

Mwana_Ghuba (mtoa mada)
Habari za jioni wakuu. Nipo masta, mambo ya ikolojia ya maji, utafiti nimefanyia Ghuba ya Mwanza. Vituo vitano, cha kwanza Nyegezi kule ndani na cha tano nje kabisa ghuba inapofunguka, kila mwezi mara moja kuanzia Februari mpaka Julai. Boti 80,000 kwa siku, mafuta juu yangu, bumu lote limeishia ziwani.

Sasa nimemaliza labu nimekaa na Excel naona maajabu. Fosfeti (ile ya kuchuja) kituo cha 2 mwezi wa nne ni 0.11 mg kwa lita, fosforasi yote ya chupa ya pembeni yake 0.06. Na si hapo tu, sampo 19 kati ya 30 ziko hivyo. Pili, filta za klorofili (ile rangi ya kijani ya mwani) za Julai umeme ulikatika wikiendi nzima hapa labu nikakuta friza maji matupu. Tatu, Machi kule kituo cha tano mita ya oksijeni nadhani ilikufa, kuanzia mita 18 kwenda chini ilikuwa inasoma 0.3, nikafanya Winkler (kile kipimo cha oksijeni cha kemikali) kuhakikisha na yenyewe ikagoma, ile tope ikatoka nyeupe badala ya kahawia, kwa hiyo najua kemikali zangu zilikuwa zimeharibika.

Sapavaiza anataka chapta ya nne wiki tatu zijazo. Sijamwambia. Nifanyeje?

Kapoteza_Dira
Pole mkuu. Zidisha TP (hiyo fosforasi yote) kwa mbili maisha yaendelee, nani atajua.

DadaPlanktoni
Kapoteza_Dira acha mambo yako. Fosfeti ni sehemu ya fosforasi yote, ikizidi ni sawa na kusema noti zilizo kwenye pochi yako ni nyingi kuliko hela zote ulizonazo duniani. Ukizidisha kwa mbili zile 11 zilizokuwa sawa nazo zinaharibika, na mtahini wa nje kitu cha kwanza anachoangalia ni uwiano. Mimi nimekaa nje ya chumba cha utetezi namsubiri mwenzangu, alitoka baada ya dakika 25 analia, namba zake zilikuwa nzuri mno, marudio matatu matatu yote yanafanana mpaka desimali ya tatu. Ziwa halina adabu hiyo.

Mtoa mada nijibu haya: chupa za fosfeti na za TP uliziosha vipi? Ulichuja kwenye boti au ulirudi nazo? Blanki yako (maji safi yasiyo na sampo) ilisoma ngapi?

Mwana_Ghuba
Dada asante. Kuchuja nachuja kwenye boti, sirinji na filta. Blanki iko vizuri, 0.004. Chupa za TP ni za labu, fundi wa labu ananipa zimeshalowekwa kwenye asidi. Za fosfeti zilikuwa chache nikanunua zangu za plastiki, nilikuwa naziosha gheto na sabuni ya unga nasuuza maji ya bomba mara tatu, mara nne hivi. Zilikuwa zinang'aa kabisa.

DadaPlanktoni
Sabuni ya unga 😩😩

Fundi_wa_Spektro
Hahaha mtoa mada umejibu swali lako mwenyewe. Baadhi ya sabuni za unga zina fosfeti ndani, na fosfeti inashika kwenye plastiki, ukisuuza unaona pametakata kumbe bado ipo inakusubiri. Halafu ile methodi ya molibdeti ya kupimia fosfeti, ile rangi ya bluu unayosoma kwenye nanomita 880, inanusa vitu vidogo sana. Blanki yako imesoma safi kwa sababu uliitengenezea kwenye flaski ya labu iliyooshwa kwa asidi, haikupita kwenye chupa zako hata siku moja. Ulitakiwa uwe na blanki ya fildi, yaani maji ya distili unatoka nayo labu, yanapanda boti, yanachujwa na kuingia kwenye chupa zilezile.

Ila usinisadiki mimi, pima. Chukua chupa zako tatu kama zilivyo, tatu za labu, jaza distili, laza usiku, kesho soma zote.

Mwana_Ghuba
*(siku iliyofuata)*
Wakuu nimerudi. Chupa za labu: 0.004, 0.005, 0.004. Chupa zangu: 0.071, 0.092, 0.038. Nimekaa kwenye stuli labu kama nusu saa nimeshika kichwa.

Swali, je naweza kutoa wastani wa hizo tatu kwenye data zangu zote nikaokoa?

Fundi_wa_Spektro
Hapana. Angalia mwenyewe, moja 0.038 nyingine 0.092. Hujui chupa gani ilibeba maji ya kituo gani mwezi gani. Fosfeti yote weka pembeni, hata zile 11 zinazoonekana sawa, maana zinaonekana sawa kwa bahati tu. TP yako ni nzima, ibaki. Na hiki kipimo cha leo kiandike kwenye tasnifu, kiambatisho, na namba zake. Siku nyingine asidi ya hidrokloriki asilimia 10, usiku mzima, kisha distili, na sabuni isikaribie.

Klorofili ya Julai: soma kwenye spektro nanomita 664, kisha tia asidi ile 0.1 N, tone kidogo tu mililita 0.1 kwa mililita 3 za asetoni yako, subiri sekunde 90, soma 665. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ikija karibu na 1.7 klorofili yako bado hai, ikija karibu na 1 imeshageuka feofitini, yaani klorofili iliyokufa, na hapo unasema wazi Julai haipo. Usisahau kutoa usomaji wa 750 (ule wa uchafu) kote kote.

Ikolojia_Kavu
Jamani mnahangaika na chupa, mimi nimeganda pale kwenye tatu. Mtoa mada hebu rudia, tope la Winkler lilikuwa JEUPE?

Mwana_Ghuba
Ndio mkuu, jeupe kabisa kama uji wa mtoto. Juu ya maji ilitoka kahawia vizuri, chini nyeupe. Nikamwaga.

Ikolojia_Kavu
Ukamwaga 😭 Kaka, kemikali ileile juu ikatoa kahawia, chini ikatoa nyeupe, muda uleule, kwa hiyo imeharibikaje? Manganizi ikikutana na oksijeni ndiyo inageuka kahawia. Ikibaki nyeupe maana yake oksijeni HAKUNA. Mita inakwambia 0.3, Winkler inakwambia hakuna, vyombo viwili visivyojuana vinakubaliana, wewe unavikataa vyote viwili.

Nipe joto la siku hiyo, juu na chini. Na Julai.

Mwana_Ghuba
Machi juu 26.4, mita 15 bado 26.1, mita 18 inashuka 24.9, chini mita 24 ni 24.6. Julai juu 24.4 chini 24.3. Oksijeni Julai juu 7.1 chini 6.5.

Ikolojia_Kavu
Basi unayo tasnifu. Machi maji yamejipanga matabaka, ya moto juu mazito chini, hewa haishuki, vilivyokufa vinaoza kule chini vinamaliza oksijeni. Juni mpaka Agosti upepo wa kusini mashariki unakuja unapoza ziwa na kulikoroga, hewa inafika chini. Ndivyo Viktoria inavyokwenda kila mwaka. Wewe umekaa unalilia fosfeti wakati umelishika ziwa likigeuka, miezi sita, kila mita. Ukichanganya na Secchi (kile kisahani cha kupimia uangavu wa maji), TP na mwani wako unaacha swali la virutubisho unauliza kukorogeka kwa maji kunabadilisha nini. Halafu tafuta kazi za wale Waholanzi wa HEST (timu ya utafiti wa furu) kutoka Leiden, walianza hapo hapo ghubani 1977 kwa ajili ya hao samaki wadogo, utapata pa kulinganishia.

mzee_wa_mwalo
Vijana nasoma tu kimya kimya, mimi siyo msomi, nipo Luchelele navua. Mwezi huo wa tatu nakumbuka nyavu za chini hazikuwa na kitu, sangara alikuwa juu juu. Sisi hatupimi, tukitoa wavu wa chini unanuka kama yai bovu tunajua chini hapakaliki, tunapandisha.

Ikolojia_Kavu
Shikamoo mzee. Sangara kweli kabisa, yeye hewa ikipungua ni wa kwanza kukimbia, na lile yai bovu ndilo tope la chini lisilo na oksijeni linavyonuka. Mtoa mada hilo ulisikie, na umuombe mzee ruhusa kabla hujaliandika popote.

DadaPlanktoni
Sasa vichupa vya Lugol, vile vya mwani uliohifadhi kwa iodini. Viangalie leo leo, rangi iwe kama chai ya rangi isiyokolea, kikiwa kimepauka ongeza matone na uvirudishe gizani. Kwa ghuba ile utakutana na Microcystis nyingi na zenyewe hazitulii chini, zina vipovu vya gesi zinaelea, utahesabu kwenye chemba ya Sedgewick-Rafter (kile kisahani cha hadubini) useme mwani hakuna kumbe wote wamebaki juu. Vuta kidogo kwenye sirinji isiyo na hewa, ziba mdomo kwa kidole, sukuma kwa nguvu zako zote. Vipovu vinapasuka, zinazama. Jaribu kwenye maji ya kijani ya ufukweni utaona yanabadilika rangi mkononi mwako, mimi mara ya kwanza nilimuita mpaka mlinzi aje aone.

Vichupa 30, kila kimoja masaa mawili au matatu, wiki tatu zinatosha ukiacha kuangalia mpira. Na kwa sapavaiza nenda KESHO na ukurasa mmoja: nilichoharibu, nilivyogundua, kilichobaki, swali jipya. Usimpelekee tatizo tupu.

Mwana_Ghuba
*(siku nne baadaye)*
Mrejesho wakuu. Klorofili ya Julai uwiano umekuja 1.1 mpaka 1.2, imekufa, nimeitoa. Sapavaiza alinyamaza muda mrefu mpaka nikahisi jasho, akaangalia grafu ya Machi na Julai akauliza kwa nini sikumpelekea tangu mwezi wa tatu. Nikasema nilidhani mita mbovu. Akacheka, mara ya kwanza namuona anacheka. Amekubali kubadilisha kichwa cha tasnifu, ila anataka safari moja zaidi kituo cha tano, fosfeti juu na chini, chupa za asidi, na blanki ya fildi. Hela ya boti sina.

mzee_wa_mwalo
Jumamosi tunatoka saa kumi na moja alfajiri, tunapita huko huko. Changia mafuta lita tano. Njoo na boya lako, langu la ziada limechanika, bila boya hupandi.

Mwana_Ghuba
Asante sana mzee, nitakuwepo. Chupa zipo kwenye asidi tangu jana.

Njaa_ya_Data
Samahani kwa kuingilia uzi, nitreti yangu imesoma hasi vituo vyote, na mimi nilitumia sabuni ya maji siyo ya unga. Nifungue uzi mwingine?