Mjadala: Sikukuu ya kitaifa, kwa nini gharama yake aibebe kibarua?

MLETA MADA

Wakuu, habari za kazi. Mimi huandaa mishahara, na kila sikukuu ya kitaifa ikikaribia nasikia maswali mawili yanayofanana. Mwajiriwa wa mwezi huuliza, "Kesho hatuingii, sivyo?" Kibarua huuliza, "Kesho tunaingia?" Wa kwanza anataka kuhakikishiwa mapumziko. Wa pili anaulizia riziki.

Twende kwenye daftari la mahudhurio, maana humo ndimo jambo lenyewe linaonekana kwa macho. Siku ya sikukuu, mbele ya jina la mwajiriwa wa mwezi naandika S, na mshahara wake hauguswi. Mbele ya jina la kibarua, anayesimama kwenye mashine ileile na kutoka saa ileile, nachora kistari. Kistari hicho ni siku nzima isiyo na malipo. Sikukuu mbili zikipakana na mwisho wa juma, mtu huyo hukusanya vistari vinne mfululizo. Mama mmoja aliwahi kuja dirishani, akaweka kidole juu ya vistari viwili vya jina lake, akaniuliza, "Hapa nilipumzishwa au nilikatwa?" Nilimwambia ndivyo mkataba wake ulivyo. Ni kweli ndivyo ulivyokuwa, lakini yeye hakuuliza habari za mkataba.

Hoja yangu ni kwamba sikukuu hutangazwa na dola kwa watu wote, basi malipo yake yafuate kazi ya mtu, yasifuate aina ya karatasi aliyotia saini. Kibarua ambaye angekuwa kazini siku hiyo alipwe akiwa nyumbani. Akiitwa kufanya kazi, alipwe mara mbili.

Wazo hili halikuanza na mimi. Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 24, lilitaja mapumziko na likizo za vipindi zenye malipo, likaishia hapo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966, ibara ya 7, ukaongeza waziwazi malipo ya siku za sikukuu za umma. Waliouandika waliona pengo wakaliziba, ingawa kwenye karatasi tu.

Sheria za nchi zimetawanyika mno. Marekani, sheria ya shirikisho ya 1938 kuhusu viwango vya kazi haimlazimishi mwajiri binafsi kulipa saa ambazo mtu hakufanya kazi, sikukuu zikiwemo. Uingereza, anayefanya kazi siku tano kwa wiki ana siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na mwajiri anaruhusiwa kuzihesabu sikukuu ndani ya hizohizo 28. Afrika Kusini, sheria ya masharti ya kazi ya 1997 inasema sikukuu ikiangukia siku ambayo mtu angekuwa kazini, analipwa ujira wake wa kawaida hata kama yuko kwake, na akifanya kazi hapati chini ya mara mbili ya ujira huo. Mimi niko upande wa hao wa mwisho. Karibuni, na wanaonipinga waje na hoja.

MWENYE KARAKANA

Mkuu, nina watu kumi na mmoja. Usinihesabu kwa wanyonyaji kabla hujanisikia. Sikukuu ikija, oda haihami. Nimlipe aliyebaki nyumbani, nimlipe mara mbili aliyekuja, na mteja ananilipa bei ileile ya mwezi uliopita. Kampuni kubwa itapitisha gharama hiyo kwenye hesabu zake bila kuisikia. Mimi naitoa mfukoni. Kisha kuna wale wanaoongeza siku: sikukuu iko Alhamisi, Ijumaa simwoni mtu, simu imezimwa. Dola ikitangaza mapumziko, nayo ichangie, hata kwa kupunguza kodi ya mwezi huo.

MLINZI WA USIKU

Mimi swali langu ni moja. Naingia lindo saa kumi na mbili jioni ya mkesha wa sikukuu, natoka saa kumi na mbili asubuhi, siku yenyewe. Jioni hiyohiyo narudi tena getini. Msimamizi anasema zamu ya kwanza ni ya jana kwa sababu niliingia jana, na ya pili ni ya kesho kwa sababu nitatoka kesho. Sasa mimi sikukuu yangu ilikuwa lini? Miaka minne sijawahi kuandikiwa hata moja.

MLETA MADA

Mzee wangu wa getini, nianze na wewe, maana swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri. Sikukuu moja inagusa zamu zako mbili, na msimamizi amekunyima zote mbili kwa vipimo viwili tofauti: ya kwanza kaipima kwa saa ya kuingia, ya pili kaipima kwa saa ya kutoka. Kipimo kikibadilika kila mara upande wa faida ya mmoja, hicho si kipimo tena.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 25, inasema mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa iliyofanywa kazi siku hiyo. Ukihesabu hivyo, una saa sita za zamu ya kwanza, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na saa sita za zamu ya pili, jioni hadi saa sita usiku. Jumla 12. Afrika Kusini wanahesabu kwa zamu: zamu iliyokanyaga sikukuu na siku nyingine huhesabiwa yote kuwa ya sikukuu, isipokuwa sehemu yake kubwa iwe imefanyika siku ile nyingine. Zako zimegawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo zote mbili zingehesabiwa. Njia yoyote kati ya hizo, hupati sifuri. Andika saa zako za kuingia na kutoka kwenye kijitabu chako mwenyewe, usitegemee cha getini.

Ndugu wa karakana, la kutoweka Ijumaa nakuunga mkono kabisa. Ujerumani, asiyefika bila sababu siku ya kazi iliyotangulia sikukuu au inayofuata hupoteza malipo ya sikukuu hiyo. Naona ni haki, maana inamgusa aliyekosea peke yake. La kodi lijadiliwe, sina ugomvi nalo. Ila tazama ulivyolisema: mzigo ni mzito kwako mwenye karakana, kwa hiyo abebe nani? Kwa sasa anaubeba mtu ambaye hana hata oda ya kusubiri. Na sikukuu nyingi zinajulikana tangu mwaka unaanza. Bei unayompa mteja Januari inaweza kuzibeba, kama inavyobeba kodi ya pango na umeme.

NESI

Kwetu hatunyimwi kwa maneno, tunanyimwa kwa lugha nzuri. "Utafidiwa siku." Siku hiyo haina tarehe. Nina siku sita za namna hiyo tangu mwaka jana, na kila nikiomba naambiwa wodi ina upungufu wa watu. Wakilipa fedha nako, mara mbili yenyewe inapigwa kwenye mshahara wa msingi, wakati nusu ya kipato changu ni posho. Nikimweleza mtu nyumbani kwamba nililipwa mara mbili anafikiri nimetajirika.

MLETA MADA

Dada, la posho ndipo waajiri wengi walipojificha. Kwa hesabu ya sheria hiyo ya Tanzania, mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa zao la 4.333, yaani wastani wa wiki za mwezi mmoja, mara saa za wiki. Kwa wiki ya saa 45 inakuwa kama saa 195, na hapo unapata thamani ya saa moja. Ukiushusha mshahara wa msingi na kuzipandisha posho, slipu haionyeshi mabadiliko kwa jumla, lakini kila saa ya sikukuu na ya ziada imeshuka bei. Kwa hiyo mtu anapopewa mkataba mpya wenye jumla kubwa, atazame kwanza mstari wa mshahara wa msingi. Na siku ya kufidia iandikwe tarehe siku ileile unapoombwa kuingia kazini. Isipoandikwa, ilipwe fedha.

DEIWAKA

Naona mnatutetea, asanteni. Lakini mimi ndiye huyo kibarua mnayemsema. Tajiri akijua sikukuu ya Jumatano atanilipa bure, Jumatatu na Jumanne haniiti kabisa. Ataniita Alhamisi. Badala ya kupoteza siku moja nitapoteza tatu. Sheria yenu nzuri itanifia mkononi.

MLETA MADA

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito kuliko zote zilizotangulia, na nimeirudia mara kadhaa kabla ya kuandika hapa. Hofu hiyo ni ya kweli, nimeiona kwenye madaftari: wiki yenye sikukuu, majina ya vibarua hupungua ghafla, kisha wiki inayofuata yanarudi yote. Kama haki yako ingehesabiwa kwa wiki ya sikukuu, ungekuwa umesema kweli tupu.

Ndiyo maana nataka ihesabiwe kwa wiki nne zilizotangulia. Jumlisha alichopata mtu katika wiki hizo, gawanya kwa siku zote za kazi zilizokuwemo, hata ambazo hakuitwa, na kiasi hicho ndicho malipo yake ya sikukuu, ameitwa wiki ile au hakuitwa. Aliyefanya kazi siku chache atapata kidogo, aliyefanya karibu kila siku atapata karibu siku nzima. Tajiri akiacha kukuita Jumatatu na Jumanne, hajaokoa malipo ya Jumatano, amekosa mikono yako tu. Na jina lako halifutiki, kwa sababu liko kwenye kurasa za mwezi uliopita ambazo tayari ametia saini.