MJADALA: Kocha wa Hasheem Thabeet alistahili zile dola milioni 1.6 au alikula jasho la vijana?

Mleta mada:

Wakuu heshima kwenu. Wa zamani mnaikumbuka 2009, mwaka ambao kila mtu Dar alijifanya anajua kikapu. Hasheem Thabeet, dogo wa Makongo, futi 7 na inchi 3, yuko chuo cha serikali ya jimbo la Connecticut kule Marekani, wenyewe wanakiita UConn, na timu yao ilikuwa moto wa kuotea mbali. Msimu mzima walishinda gemu 31 wakafungwa 5 tu, mwezi wa pili walikuwa wanashika namba moja Marekani nzima, wakafika nne bora ya ubingwa wa vyuo kule Detroit ndo wakatolewa na Michigan State 82 kwa 73.

Sasa katikati ya msimu huo huo, tarehe 21 Februari, wametoka kuwafunga South Florida, kocha Jim Calhoun kakaa mbele ya waandishi, akanyanyuka jamaa mmoja mwandishi wa kujitegemea akamuuliza, mzee jimbo lina nakisi ya dola bilioni 2, we ndo mtumishi wa umma unayelipwa kuliko wote, milioni 1.6 kwa mwaka, huoni kama ungerudisha kidogo? Mzee akawaka. Akasema hata senti moja harudishi, akamwambia jamaa anyamaze, akasema timu yake inakiingizia chuo milioni 12. Gavana Jodi Rell, ambaye mshahara wake ulikuwa 150,000 kwa mwaka, alisema lile tukio ni la aibu.

Pale ndo watu waligawanyika mpaka leo, hela ya walipa kodi, hapana ni hela ya timu, basi inaendelea hivyo hivyo. Mi nasema wote walikosea hesabu. Hiyo milioni 12 nani aliitafuta? Calhoun hajabloku mpira hata mmoja. Tarehe 31 Januari dhidi ya Providence Hasheem alipiga pointi 15, rebaundi 11, yani mipira iliyokosa kuingia akaidaka, na bloku 10, yani mitupo ya wapinzani aliyoizuia, kwenye gemu moja, halafu Jumatatu karudi darasani mfukoni ana nini? Skolashipu, kitanda na chakula cha kantini. Kwahiyo yule mwandishi angemuuliza mzee awarudishie wale vijana, serikali ingekaa pembeni kwanza. Karibuni tuvutane, matusi hapana.

Bingwa wa Upanga:

Mkuu unamwonea mzee. Huyo Calhoun unayemwona kama fisadi alifiwa na baba yake akiwa na miaka 15, akaacha chuo akaenda kuchonga mawe ya makaburi na kuchimba makaburi yenyewe ili nyumbani wapate kula, sasa mtu wa hivyo umwambie arudishe mshahara kwa sababu serikali imeshindwa kupanga bajeti yake, we ungerudisha? Alikabidhiwa UConn 1986 ikiwa chuo cha kawaida tu kwenye ligi yao ya Big East, akabeba ubingwa wa taifa 1999, akarudia 2004, akaja tena 2011. Watu wanajenga jina miaka 25 nyie mnaona mshahara tu.

Na Hasheem mwenyewe alianza kikapu amechelewa, kashakuwa kijana mkubwa. Mwaka wake wa kwanza pale timu ilishinda 17 ikapoteza 14, hawakucheza hata mashindano ya Machi, yale ya kutafuta bingwa wa taifa. Mwaka wa pili wakatolewa raundi ya kwanza na San Diego kwa pointi moja. Mwaka wa tatu ndo huo mnaousifia. Nani alimtoa pale akamfikisha hapa? Miaka miwili mfululizo beki bora wa Big East, halafu drafti ya NBA, pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua vijana wapya, kachukuliwa namba 2 na Memphis, kabla ya James Harden, kabla ya Steph Curry. Ile ndo malipo yake. Chuo cha ufundi hakikulipi wakati unajifunza kuranda mbao.

Mama Kulwa:

Fundi wa kuranda mbao mwalimu wake haingizi milioni 12 kwa kabati alilotengeneza mwanafunzi. Mfano umekataa huo baba.

Mbeba Boksi:

Mi nipo huku Marekani miaka mingi niwaambie kitu. Hilo la kocha kulipwa kuliko gavana sio la Connecticut peke yake, majimbo mengi huku ukiuliza mtumishi wa umma gani anapokea mshahara mkubwa kuliko wote jibu ni kocha, kama sio wa kikapu basi wa ule mpira wao wa kubeba mkononi. Wameshazoea. Na ile milioni 12 aliyoitaja mzee mbele ya kamera ni hela inayoingia, gharama hakuzitaja, ndege hoteli wasaidizi ukumbi, hayo yote yanatoka humo humo, kwahiyo msiishike kama ni faida.

Ila mleta mada una hoja na nitakuongezea nyama. Chuo hicho hicho, 2014 walibeba tena ubingwa, kocha keshabadilika yuko Kevin Ollie, yule mchezaji wao nyota Shabazz Napier ambaye Calhoun mwenyewe ndo alimleta akawaambia waandishi kuna usiku analala njaa. Bingwa wa taifa analala njaa! Haikupita hata mwezi NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani, wakapitisha kwamba wachezaji wale bila kikomo. Yani mpaka mtu aaibishe watu kwenye TV ndo apewe ugali wa usiku. Halafu mnasema kitanda na chakula vinatosha.

Na kuhusu mzee kuwa msafi tuliache, maana mwezi wa tatu 2009 huo huo timu ikiwa kwenye mashindano zikatoka habari za jinsi walivyomsajili dogo mmoja anaitwa Nate Miles, simu na meseji kupita kiwango, wakala yumo. NCAA walichunguza, 2011 wakamfungia mzee gemu 3. Halafu 2013 timu nzima ikafungiwa mashindano ya mwisho wa msimu kwa sababu maendeleo ya wachezaji darasani yalikuwa mabovu. Sasa kama malipo yao ni elimu, na elimu yenyewe ndo hiyo, walilipwa nini?

Bingwa wa Upanga:

Gemu 3 tu mkuu, angekuwa jambazi wangempa 3? Na kosa lenyewe simu na meseji. Hizo sheria za NCAA zilikuwa za ajabu, kocha akimpigia mtoto simu mara nyingi ni kosa ila kumchezesha bure si kosa. Hilo la 2013 sawa nakupa.

Jirani wa Nairobi:

Nyinyi wabongo mnaongea pesa na mmesahau mpira. Mimi swali langu ni kama huyo kocha alicoachi vizuri huo msimu, na jibu ni nusu nusu. Februari walikuwa wamekamilika, halafu Jerome Dyson akaumia goti kwa gemu ya Syracuse na msimu wake ukaisha hapo. Siku chache baadaye Pittsburgh wakaja Hartford, DeJuan Blair ambaye ni mfupi wa Hasheem kwa karibu nusu mita akamfanyia vitu sitaki kukumbuka, akambeba begani akamtupa chini, akatoka na pointi 22 na rebaundi 23. Hasheem pointi 5. Sawa, inatokea. Lakini Machi wakakutana tena na Pitt wakapoteza tena! Kocha wa milioni 1.6 anafaa kuwa na dawa mara ya pili.

Halafu ile ya Syracuse ya overtaimu sita, yani muda wa nyongeza mara sita, pale Madison Square Garden, 127 kwa 117. Syracuse hawakuwa wameongoza hata sekunde moja kwa zile overtaimu tano za kwanza. Mara tano UConn wako mbele na mara tano wanashindwa kufunga mlango! Hasheem alitoka kwa faulo, wenzake pia. Ilianza usiku wao ikaisha saa saba na dakika 22, huku kwetu ni saa mbili na kitu asubuhi ya Ijumaa, mimi nilikuwa nafuatilia matokeo kwa cyber, nimelipa nusu saa nikaongeza, nikaongeza, boss akanipata na kazi sijaanza.

Mama Kulwa:

Jirani nusu mita wapi, Blair ni futi 6 na inchi 7, hebu toa vizuri. Ni inchi 8. Sentimita 20 hivi.

Jirani wa Nairobi:

Sawa mama nimepunguza. Ile siku alionekana nusu mita.

Mleta mada:

Jirani umenikumbusha kitu kizuri. Mnajua raundi ya kwanza ya mashindano ya Machi mwaka huo Calhoun hakuwepo kabisa? Aliugua akalazwa, msaidizi wake akasimama. Walishinda 103 kwa 47! Kocha wa milioni 1.6 yuko kitandani timu inashinda kwa pointi 56. Bingwa hebu nieleze hiyo.

Bingwa wa Upanga:

Acha uchokozi, ile ilikuwa Chattanooga, timu iliyopangwa namba 16, ya mkiani kabisa kwenye kundi, hata mimi ningesimama pale wangeshinda. Akarudi wakawapiga Texas A&M 92 kwa 66, Purdue, Missouri, mpaka nne bora. Timu iliyofunzwa ndo inaweza kucheza mwalimu hayupo, hilo ni sifa yake.

Kocha wa Vumbi:

Nimewasoma wote nikacheka kidogo na kusikitika kidogo. Mi nimefundisha kikapu chuo kimoja hapa nchini, jina naliacha, misimu minne. Mipira miwili, mmoja unavuja upepo kila baada ya robo saa kwahiyo kuna mtoto kazi yake ni pampu. Nauli ya kwenda mashindano tulichanga, mimi nilichanga kubwa kuliko wote. Viatu wavulana wanapokezana, anayetoka anavua anampa anayeingia, mkishangaa kwanini naomba taimauti nyingi ni kwa sababu ya kamba. Posho yangu niliahidiwa mwaka wa kwanza nikaambiwa ipo kwenye mchakato, na mpaka naondoka mchakato ulikuwa haujaisha. Kwahiyo mimi mnaponiambia kuna nchi mwalimu wa kikapu chuoni analipwa kuliko gavana nasema Mungu awazidishie, na mzee alifanya sawa kukataa kurudisha, maana angerudisha ingeenda kwa nani, si ingeingia kwenye shimo la bilioni 2 ikapotea kama tone kwenye mtungi. Wangapi wangelala shibe?

Ila nilikuwa na kijana mmoja mrefu, mzuri kweli, alikuwa ananiuliza kocha mi nikikomaa nitafika kama Hasheem? Namjibu ndio. Wakati Hasheem kaondoka hapa akiwa mdogo, akapita sekondari za Marekani kwanza ndo akafika Connecticut. Kijana wangu alikuwa na miaka 24. Sikuwa na jibu lingine la kumpa.

Mbeba Boksi:

Kocha pole sana. Hilo la kamba za viatu limeniuma.

Mleta mada:

Kocha wa Vumbi nakubaliana na wewe kwenye kurudisha serikalini, ndo maana nilisema mwandishi alikosea wa kurudishiwa. Lakini angalieni ilivyokuja kuisha. 2021 wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina yao kwenye matangazo. Mwezi wa 6 mwaka 2025 mahakama ikapitisha makubaliano, chuo ruksa kugawia wachezaji wake, kwa kuanzia, mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka, moja kwa moja. Na timu hazijafa, viwanja havijafungwa, makocha bado wanavuta mamilioni yao. Kumbe hela ilikuwepo siku zote. Hasheem amezaliwa 1987, angezaliwa miaka 18 mbele angekuwa analipwa na chuo.

Na hapa ndo Bingwa ananisaidia bila kujua. Unasema NBA ndo ilikuwa malipo yake. Alicheza NBA mpaka 2014, wastani wake wa maisha yote kule ni pointi 2.2, na bado mwaka wa kwanza tu Memphis walimshusha ligi ya chini. Watu mpaka leo wanamcheka. Yani ule mwaka alioutikisa Big East, akagawana na Blair tuzo ya mchezaji bora, ndo mwaka wake mkubwa kuliko yote, na ndo mwaka ambao hakulipwa.

Bingwa wa Upanga:

Hapo umenipiga pabaya. Ila hakuwa peke yake, kikosi kizima A.J. Price, Jeff Adrien, Kemba Walker akiwa mwaka wa kwanza, wote hali moja na hakuna aliyelazimishwa. Na Hasheem alisaini kwa mkono wake.

Mama Kulwa:

Alisaini angefanyaje, kuna dirisha la pili? Halafu wanaume mnanichekesha, ukurasa mzima mnamlilia Hasheem na mzee wake, chuo hicho hicho mwaka huo huo timu ya wanawake ilicheza gemu 39 ikashinda 39 ikabeba kombe. Thelathini na tisa. Hakuna hata mmoja aliyewataja, na wao hawakulipwa vile vile, na NBA ya kuwasubiri kwa mamilioni hawakuwa nayo.

Mi nina kijana, ana miaka 15, keshanipita hadi naongea naye nikiangalia dari. Juzi kuna mtu alikuja nyumbani anasema anaweza kumtafutia shule Marekani, anasifia tu, mara kocha fulani, mara ukumbi unaingiza watu elfu kumi. Nimemkaribisha chai, nikamwacha amalize. Nikamuuliza karatasi inayosema mwanangu atalipwa kiasi gani iko wapi. Akasema mama hizo ni hatua za baadaye. Nikamwambia basi na wewe chai ya pili ni hatua ya baadaye.