Opera ya kijijini: mama mwenye nyumba kanialika, niende na nini?

Wakubwa shikamooni. Nimehamia kijiji cha pembeni mwa Jinhua, jimbo la Zhejiang, China, kwa sababu ya kodi ya nyumba. Tangu juzi wamesimamisha jukwaa mbele ya hekalu. Upatu na ngoma havikomi mpaka saa nne usiku. Leo mama mwenye nyumba kanigongea, anataka nami niende. Kuna tiketi? Watu huenda na nini? Halafu keshokutwa nina mtihani, kichwa kinaniuma.

*

Marahaba mwanangu. Nenda.

Hiyo ni Wuju, opera ya Jinhua yenyewe, na tangu 2008 imo kwenye orodha ya taifa ya urithi wao. Tiketi hakuna, wanakijiji wamekwishalipa. Jukwaa limeelekezwa hekaluni kwa sababu mgeni rasmi ni mungu wa pale. Sisi wengine tunadandia.

Beba kigoda. Mara yangu ya kwanza nilikwenda mikono mitupu, nikakalia kilichokuwa wazi. Kumbe bibi mmoja alikiwahisha pale tangu mchana. Akarudi na kipande cha muwa mkononi, akanitazama tu. Niliinuka mwenyewe.

Ukutani utaona karatasi nyekundu yenye majina na tarakimu. Ni michango, kama daftari la kamati ya harusi, ila hili linabandikwa hadharani. Mwaka wa pili nikatoa yuan 100. Mzee mwenye brashi alihangaika na jina langu mpaka akachoka, akaandika "Mwafrika wa ghorofa ya tatu". Tangu siku ile muuza mboga hunisalimia yeye kwanza.

Lugha isikutishe, pembeni huwa kuna skrini ya maneno, na wenyeji nao wanaisoma. We tazama rangi walizojipaka usoni: kwa kawaida nyekundu ni mtu mwaminifu, nyeupe tupu ni laghai. Na ile zumari kali inaitwa suona. Jina lake asili yake ni Uajemi, na ukiisikiliza vizuri utaikumbuka zumari ya Lamu.

Kelele hazina dawa. Kasome maktaba ya chuo.

*

Nyongeza kutoka Hong Kong. Huku ukumbi wenyewe ni banda la mianzi, nguzo zinafungwa kwa kamba, na sherehe ikiisha linafumuliwa lote, unabaki uwanja mtupu. Angalizo: mwezi wa saba wa kalenda yao ni wa mizimu, na safu ya mbele huachiwa marehemu. Ukikuta viti vitupu pale mbele, usidhani umebahatika. Pita nyuma.

*

Ahsanteni wazee wangu, ndiyo kwanza narudi. Kigoda nimeazimwa, mifuko imejaa mbegu za alizeti, na bibi wa pembeni kanisimulia kisa chote kwa lahaja ambayo sikuambulia hata neno. Maktaba nitakwenda kesho asubuhi. Wanaanza tena saa nane mchana.