Naomba ushauri: kuandaa barua za wafadhili walioko Marekani ili zipate punguzo la posta

Mlezi wa Bweni (Mafinga)

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Mufindi, ambako baridi ya msimu huu haimwachi mtu aandike bila koti.

Ninaratibu bweni la wasichana linalosaidiwa na shirika dogo la hisani lililosajiliwa Marekani. Kila mwaka, kabla ya Desemba, shirika hilo huwaandikia wafadhili wake barua ya kuomba michango, na safari hii kazi ya kusafisha orodha ya anwani, kusanifu barua na kupendekeza bahasha imeletwa kwangu, wakati uchapaji na upelekaji posta utafanyika kulekule kwao. Orodha ina watu wapatao 1,900. Karibu nusu wako Wisconsin na Minnesota, wengi wao wakiwa waumini wa makanisa machache, na waliobaki wametawanyika hadi Massachusetts na California.

Mweka hazina wao ameniandikia kwamba barua zikipangwa kwa utaratibu unaotakiwa, gharama ya posta hushuka sana, lakini yeye mwenyewe hana maelezo zaidi ya hayo. Je, nikipanga orodha kwa namba za ZIP, yaani postikodi za Marekani, kuanzia ndogo hadi kubwa, nitakuwa nimemaliza kazi? Je, inaruhusiwa kuweka ndani ya kila bahasha barua ambayo msichana ameiandika kwa mkono wake kwa mfadhili wake? Aidha, mjumbe mmoja wa kamati yetu anashikilia kwamba tuchapishe Mbeya kwa bei nafuu na kuzituma zote kutoka huku. Naomba mwenye uzoefu anisaidie kabla sijawajibu.

Binti Rungwe

Ndugu Mlezi, hilo la kuchapisha Mbeya na kuzituma kutoka huku liondoe mezani mapema. Punguzo unalolizungumzia ni la posta ya Marekani kwa barua zinazokabidhiwa ndani ya Marekani, tena na mteja mwenye kibali chao. Barua ikipita dirisha la posta ya Mafinga au Mbeya ni barua ya kimataifa na italipiwa hivyo, moja baada ya nyingine, hata ukiipanga vizuri namna gani. Mngeokoa fedha ya wino na kuimwaga kwenye stempu.

Mchapaji wa Ughaibuni

Shikamoo Mlezi, na wengine wote nawasalimu. Kwetu ni Kilolo, ila kwa sasa ninafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji huku Marekani ambacho huandaa barua za namna hii, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Kwanza mjue mnaomba punguzo lipi. Barua za kuomba michango kwa kawaida huenda katika daraja la posta ya Marekani (USPS) linaloitwa USPS Marketing Mail, ambalo kabla ya mwaka 2017 lilijulikana kama Standard Mail. Kiwango cha chini ni barua 200, au uzito wa ratili 50, kwa mzigo mmoja. Barua za daraja la kwanza nazo zina punguzo lake la kupangwa, lakini huko kiwango cha chini ni barua 500 na bei iko juu zaidi. Kwa watu 1,900 mnafuzu kote kuwili.

Zaidi ya hapo kuna bei ya mashirika yasiyo ya faida, ambayo ni ya chini kuliko zote, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Shirika kusamehewa kodi hakutoshi. Ni lazima liwe limeiomba posta idhini ya kutumia bei hiyo na kuipata. Muulize mweka hazina kama idhini hiyo wanayo, kwa sababu jibu lake litaamua hesabu nzima. Kisha hakikisha kwamba jina la shirika hilo na anwani yake ya kurudishia vinaonekana kwenye bahasha, au mahali pa wazi katika barua yenyewe. Ukiweka jina la bweni na S.L.P. yenu ya Mafinga peke yake, karani wa kupokea mizigo ana haki ya kukataa bei hiyo, kwa maana aliyeidhinishwa ni shirika na bweni halimo.

Kuhusu barua za mkono za wasichana, jibu ni hapana kwa daraja hilo. Mawasiliano ya binafsi kati ya mtu na mtu, pamoja na ankara na taarifa za hesabu za mteja, ni mali ya daraja la kwanza. Kinachowezekana ni kuchagua barua moja ya msichana, kuichapisha nakala, na kuiweka ileile katika kila bahasha. Hata picha msiwawekee baadhi na kuwanyima wengine, kwa kuwa mzigo unaolipiwa kwa chapa ya kibali badala ya stempu unatakiwa kuwa na barua za uzito sawa, ili karani apime chache na kukokotoa jumla.

Sasa upangaji. Kupanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa ni mwanzo tu, kwani bei hutegemea makundi. Barua zinazosomwa na mashine na zenye msimbopau hupata bei ya chini kabisa pale zinapofika 150 kwa namba moja ya ZIP ya tarakimu tano; hizo hujaza trei yao na kwenda karibu moja kwa moja hadi posta ya mtaa. Zisizofika idadi hiyo huunganishwa na jirani zake zinazohudumiwa na kituo kimoja cha uchambuzi, na hapo pia huhitajika 150. Zinazosalia huingia katika trei za mchanganyiko, ambazo hazina kiwango cha chini lakini bei yake ni ya juu kidogo. Kwa orodha yako, waumini wa makanisa yale ya Wisconsin wanaweza kufika 150 katika namba moja au mbili, ilhali wale wa California wataishia kwenye mchanganyiko, na hakuna ujanja wa kuwaondoa humo isipokuwa kiwanda cha uchapaji kiwaunganishe na barua za wateja wengine. Viwanda vingi hufanya hivyo, na kwa shirika dogo mara nyingi ndiyo njia yenye faida.

Kwa hiyo usijisumbue kuzigawa katika trei ukiwa Mafinga. Programu ya kiwanda itafanya hivyo kwa dakika chache na kuchapisha msimbopau wenye mistari 65 juu ya kila anwani. Isichoweza kufanya ni kuokoa orodha iliyoharibika.

Mlezi wa Bweni (Mafinga)

Marahaba mwanangu, na Mungu akubariki. Binti Rungwe, nawe nimekusikia. Mjumbe wetu atajibiwa kwa upole. Naomba ufafanuzi wa neno la mwisho. Orodha niliyopewa iko kwenye Excel, nami nimeona kwamba anwani nyingi za Massachusetts zina namba ya tarakimu nne tu. Nilidhani ndivyo walivyo huko.

Mchapaji wa Ughaibuni

Hapana, hiyo ni sifuri iliyoliwa. Namba za Massachusetts, Connecticut, New Jersey, Maine na majirani zao huanza na sifuri, na Excel ikidhani ni hesabu huifuta, hivyo 02139 hubaki 2139. Badilisha safu hiyo iwe ya maandishi, kisha rudisha sifuri mbele ya kila namba yenye tarakimu nne. Fanya hivyo kabla ya kupanga chochote, la sivyo watu wa Boston watajikuta katikati ya orodha mahali pasipo pao.

Baada ya hapo tenganisha safu: jina, mtaa, mji, jimbo, namba. Namba ya chumba au ya nyumba ya ghorofa isiachwe, maana bila hiyo anwani inaweza kukataliwa na programu ya uhakiki. Mume na mke walioorodheshwa mara mbili katika nyumba moja waunganishwe. Kila jina unaloliondoa kwa haki ni bahasha, karatasi na ada ya posta mliyookoa, na hakuna punguzo linaloshinda barua ambayo haikuhitaji kutumwa.

Halafu kuna sharti la waliohama. Posta inataka kila anwani iwe imelinganishwa na kumbukumbu zao za wahamaji ndani ya siku 95 kabla ya mzigo kukabidhiwa. Kiwanda hufanya kazi hiyo, lakini tarehe ni juu yenu: orodha iliyohakikiwa mwezi Julai kwa barua za katikati ya Novemba itakuwa imepitwa na wakati. Ifanyeni Oktoba. Tena mkumbuke kwamba barua ya daraja hili isiyomfikia mlengwa hairudishwi kwa mtumaji, ila kama bahasha imechapwa agizo la kutaka irudishwe, na urudishaji huo una gharama yake.

Wakili Gangilonga

Nitaongeza jambo moja fupi. Majina, anwani na viwango vya michango ya watu 1,900 ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Orodha hiyo isifunguliwe kwenye kompyuta ya duka la intaneti, wala isipitishwe katika kundi la WhatsApp la kamati. Muombe mweka hazina akuondolee safu ya michango, kwa kuwa kupanga barua hakuhitaji kujua nani alitoa kiasi gani.

Karani Mstaafu (Mbeya)

Vijana wameeleza vizuri, nami nitagusa asili yake. Nilianza kazi ya kuchambua barua hapa Mbeya enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa na Shirika la Posta Tanzania kuanza shughuli zake mwaka 1994. Tulisimama mbele ya kabati la vishimo, kila kishimo na jina lake: Tukuyu, Kyela, Chunya, Mbozi. Taasisi moja ilikuwa ikituletea barua zake zimefungwa kwa kamba kufuatana na posta ya mwisho, na ndani ya kila fungu namba za masanduku zimefuatana. Fungu la Tukuyu lilitoka mikononi mwake hadi kwenye gunia bila mtu kulifungua. Nyingine ilimwaga zake mezani, zimepinduka huku na huku, nyingine S.L.P. imeandikwa nyuma ya bahasha.

Posta inayotoa punguzo inamlipa mteja kwa kazi aliyowapunguzia wachambuzi. Ukilishika hilo, masharti yote ya Wamarekani yanaeleweka: barua 150 ni trei ambayo mtu hataigusa tena njiani, uzito sawa ni mizani inayotumika mara moja, na siku 95 ni mtarishi asiyegonga mlango wa mtu aliyehama.

Na kwa kuwa Mlezi yuko Mafinga, ninaamini huwaandikia pia wazazi wa wasichana. Barua hizo zifungwe kwa posta ya mwisho na kwa mfuatano wa masanduku, na uzungumze na meneja wa posta kabla ya kuzileta, usimkute dirishani na furushi asilolitarajia. Postikodi zetu nazo hazijatumika kama inavyostahili. Tarakimu mbili za mwanzo huonyesha mkoa: 51 ni Iringa, 53 ni Mbeya, 59 ni Njombe, ya tatu huonyesha wilaya, na mbili za mwisho kata. Ziandikwe, ila zisiingizwe katika faili moja na zile za wafadhili, kwa kuwa 53 huko kwao ni Wisconsin, na mfadhili wa Milwaukee atachanganyika na mzazi wa Rungwe.

Njombe Baridi

Mimi sikubaliani kwamba daraja la bei nafuu ndilo jibu kwa wote. Barua hizo husafiri polepole kuliko za daraja la kwanza, na mfadhili mkubwa akiona chapa ya kibali hujua kwamba ni mmoja kati ya maelfu. Ningewatoa wachache wanaobeba bweni na kuwaandikia kutoka Mafinga, bahasha ya kawaida yenye stempu za Tanzania, na ndani barua ya mkono ya msichana, ile iliyokataliwa hapo juu. Gharama yake kwa kila mmoja ni kubwa, lakini bahasha hiyo haitatupwa kabla ya kufunguliwa.

Mchapaji wa Ughaibuni

Naafiki kabisa, mradi waliobaki wasishuke chini ya 200, na kwa orodha hii hilo halina hatari.

Mlezi wa Bweni (Mafinga)

Nimeshawaandikia kuhusu idhini ya bei ya mashirika, na wazo la Njombe Baridi nitalipeleka kwenye kamati. Limebaki jambo la bahasha. Nimesanifu barua kwenye karatasi ya A4 ikunjwe mara moja na kuingia kwenye bahasha ya C5, kwa sababu inaonekana ya heshima kuliko ile ndefu. Je, kuna tatizo?

Mchapaji wa Ughaibuni

Lipo, na ni la fedha. Bei ya barua ya kawaida inaishia kwenye kimo cha inchi 6 na moja ya nane, yaani milimita 155.6, urefu wa inchi 11 na nusu, na unene wa robo inchi. C5 ina kimo cha milimita 162, kwa hiyo itahesabiwa kuwa bahasha kubwa bapa na kulipiwa bei ya juu kwa kila moja. Ya mraba nayo iepuke, kwa sababu mashine zao zinataka urefu ugawanywe kwa kimo upate kati ya 1.3 na 2.5.

Tumia bahasha yao ya kawaida, namba 10, yenye milimita 105 kwa 241, na ubadilishe ukurasa wa sanifu kutoka A4 kwenda karatasi yao ya milimita 216 kwa 279, ukunjwe mara mbili upate sehemu tatu. A4 ni ndefu zaidi, hivyo usipobadilisha, mistari ya chini ya barua, pengine pamoja na sahihi ya mwenyekiti, inaweza kukatwa wakati wa kuchapa. Kama bahasha itakuwa na dirisha, waombe vipimo vya dirisha hilo kabla hujaamua anwani ikae wapi, na uache nafasi ya msimbopau juu yake.